Tepe Tatu za Pichani

Kambini,
Jumapili, 6 Oktoba 1974.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Leonardi,
Kalinzi.

Shikamoo Baba. Ningekuwa hapo nyumbani ningechuchumaa nikakupigia makofi ya salamu kama inavyotupasa. Kwa kuwa niko mbali, pokea hii ya karatasi. Natumaini mguu wako umepata nafuu, na kwamba kahawa imeanza kutoa maua kwa mvua hizi za kwanza. Mama hajambo? Feliksi je? Mimi ni mzima wa afya, na nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nivae sare. Wewe Veneranda unayemsomea Baba barua hii, soma taratibu, na ukikaribia mwisho usiruke mstari hata mmoja, dada yangu.

Barua yako ya tarehe 15 Septemba niliipata. Umeniambia kwamba Feliksi anataka kuingia jeshini watakapoandikisha mwezi Novemba, kwa sababu kila asubuhi anaitazama picha yangu ukutani: kaka yake mwenye tepe tatu na bunduki. Umeniomba neno langu kama mkubwa wake. Nitalitoa, lakini kwanza nikueleze maisha ya huku, maana katika barua zangu tatu zilizopita sikukueleza.

Unalikumbuka lile bango lililobandikwa ukutani kwa fundi cherehani Hamdani, pale Mwanga, siku tulipopeleka kahawa. Askari amesimama wima, buti zinang'aa, bendera nyuma yake, na chini maneno ya kuwaita vijana walilinde taifa. Nililitazama mpaka ukaniuliza kama nimemwona ndugu yetu. Ukasema kijana aliyemaliza kidato cha nne anatafutwa na ofisi, hana haja ya kwenda kupigishwa kwata. Tulibishana njia nzima hadi Kalinzi, nami nikaondoka bila baraka zako kamili.

Basi yapo mambo ambayo bango lile halikuonyesha. Nayatoa katika daftari langu, ambalo unajua naliandika kila siku tangu nikiwa shule. Tarehe 9 Januari, siku yangu ya tatu hapa: malengelenge saba, mguu wa kushoto manne, wa kulia matatu. Tarehe 22 Januari: tumechimba vyoo kutwa. Tarehe 3 Februari: nimekabidhiwa bunduki, ni ya mbao. Tarehe 11 Machi: kubeba maji, kupiga pasi nguo za Sajini Bonifasi, kuni, kisha kuni tena. Buti nilizopewa zilikuwa namba tisa na mimi navaa namba saba, nikazijaza magazeti. Wenzangu waliniita Karani. Kila nikitoa kalamu walisema, "Karani, andika na ugali wa leo ulikuwa mbichi," nami niliandika.

Jambo lenyewe lilianza mwishoni mwa Julai. Kambi yetu iko mlimani juu ya ziwa, na maji ya kunywa tulichota mahali pawili: kwenye chemchemi ya mwambani, ambako ni mbali, au kwenye kijito kilicho karibu, ambacho kiangazi kilikuwa kimekipunguza sana. Makuruta wakaanza kuharisha. Wakubwa walidhani tunategea gwaride, wakawakimbiza wagonjwa kuzunguka uwanja. Rafiki yangu Telesphory, mtu wa Kidahwe, alianguka mzunguko wa pili, tukambeba kama gunia.

Jioni ile nilirudi nyuma katika daftari. Nilikuwa nimeandika kila siku maji yametoka wapi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeyabeba, na ni watu wangapi hawakufika gwaride. Kila tulipochota kijitoni, baada ya siku mbili wagonjwa walizidi kumi. Tulipochota mwambani hawakufika wanne. Nilihesabu wiki tano, haikubadilika.

Sasa, kuruta haruhusiwi kuandika habari za kambi. Niliogopa kuitwa jasusi, na chumba cha mahabusu nilikiona kila siku, kimepakana na jiko. Asubuhi walipomtoa Telesphory akimbie tena, nilitoka kwenye mstari nikampa Sajini Bonifasi daftari. Alisoma kurasa nne amesimama.

"Karani," akasema, "unajua naweza kukufunga kwa daftari hili?"

Nikajibu ndiyo, afande. Akaniuliza mbona basi nimelileta.

"Kwa sababu hawategei, afande. Wanaumwa."

Nilikaa mahabusu tangu asubuhi hadi alasiri. Kisha kapteni alikuja mwenyewe, daftari mkononi, akaniamuru nimwongoze. Tulikifuata kijito kwenda juu mpaka tulipoona maji yanayochuruzika kutoka kwenye vyoo. Ni vile vile nilivyochimba tarehe 22 Januari. Kapteni alitazama, akatazama tena ukurasa, kisha akageuza njia ya kambini.

Tarehe 2 Septemba kijito kilifungwa. Tarehe 14 hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Tulichimba vyoo vipya upande wa pili wa mlima, na safari hii nilishika jembe nikiimba. Jumamosi tarehe 28, mbele ya kombania nzima, niliitwa kwa jina langu, nikavishwa utepe mmoja. Mimi ni koplo-usu, Baba. Telesphory alipiga makofi mpaka akakaripiwa.

Veneranda, ni hapa. Usiruke.

Baba, najua umeshahesabu. Nimevishwa utepe mmoja, na pichani ziko tatu. Picha ile ilipigwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili, mpiga picha wa Ujiji alipokuja kambini. Shati ni la Sajini Bonifasi. Nilikuwa nalipiga pasi, nikalivaa kwa muda wa kupigwa picha tu, nikalirudisha mezani likiwa bado na joto. Buti ni za Telesphory. Bunduki ni ile ya mbao. Na zile habari za doria na mizinga nilizokuandikia nilizitoa redioni. Sikutaka ujue kwamba siku ile ya Mwanga ulisema kweli. Nimekudanganya barua tatu, na kumbe nimembandikia Feliksi bango ndani ya nyumba yako. Nisamehe, mzazi wangu.

Neno langu juu ya Feliksi ni hili, Baba: ishushe picha, na asomewe barua hii mara mbili, pamoja na malengelenge na vyoo. Akiwa bado anataka, mpe baraka zote aje. Akighairi, asichekwe na mtu. Mimi mwenyewe siiachi kazi hii kwa ofisi yoyote.

Nimepewa likizo ya siku kumi. Jumamosi tarehe 19 Oktoba, saa nne asubuhi, nitakuwa Mwanga linapopakia lori la Kalinzi. Kama utakuja na wale uliowasimulia kwamba mwanao ni sajini, waambie mapema, wasije wakadhani nimeshushwa cheo. Nitasimama kwa Hamdani, chini ya lile bango, na utepe wangu mmoja. Stoo wamenipa na buti namba saba.

Mpe Mama salamu zangu, na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Koplo-usu Zefania Leonardi