Kipande Kimoja cha Nyama ya Chupa

Dada yangu mpendwa Eliza,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo wa Mama umetulia na mtoto ameacha kukohoa. Sisi huku Ileje tuko hai sote, na neno hilo nimeliandika nikijua uzito wake. Sikupiga simu kwa sababu mtandao unapatikana kilimani tu, mbele ya watu, na mambo haya sitaki Mama ayasikie kabla hujamkalisha chini.

Nianze na furaha, maana bado ninayo tele. Ni miezi mitano ya ndoa, na nikisikia pikipiki inayomleta Lusajo ikipanda mlima, moyo unaenda mbio kama siku ile alipokuja kwetu Same akiwa na viatu vya kuazima. Mwezi wetu wa kwanza aliniletea kutoka Tunduma katoni nzima ya chupa tupu za kioo zenye vifuniko vya bati. Alizifunga kwa shati lake la harusi zisivunjike. Wengine hupewa maua, mimi nilipewa chupa, na nililia kwa raha.

Unajua ninavyopenda kusindika tangu tulipofundishwa sekondari. Nilianza na nyanya za bustani ya mama mkwe, nikafuata masuku, matunda ya porini ambayo huku huoza kabla hayajaisha kuliwa. Nilichemsha chupa ndani ya sufuria kubwa saa nzima, vifuniko vikabana, vyote vikatoka vizuri. Baba mkwe alikula masuku akamwambia mama mkwe, "Mwambie huyo wa chupa asiache."

Alimtuma mama mkwe kwa sababu kwenye ukoo huu mkamwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Ni heshima yao ya tangu zamani. Akikohoa njiani, najifunika kitenge napita pembeni. Miezi mitano nilikuwa naijua miguu yake tu.

Wiki tatu zilizopita ng'ombe wao alivunjika mguu, ikabidi achinjwe. Huku nyama hukaushwa kwa moshi. Mimi, kwa kupenda sifa, nikasema nitaitia kwenye chupa. Nikajaza kumi na mbili, pamoja na mchuzi wake, nikazichemsha vilevile kama nyanya. Mama mkwe akazipanga kabatini kama vyombo vya wageni.

Alhamisi nilienda na Lusajo Tunduma, pale sokoni Chapwa, kuuza masuku. Mama mmoja Mzambia anayeuza achari akaonja, akasifu, akauliza nasindika nini kingine. Nikamwambia nyama. Akauliza presha kuka yangu ni ya lita ngapi.

"Natumia sufuria."

Akaweka kijiko chini. "Iwe, wewe mwanangu. Nyama kwa sufuria?"

Akanieleza taratibu. Matunda yale yana uchachu unaoyalinda, lakini nyama isiyopata moto wa presha kuka, unaozidi ule wa maji yanayochemka, inaweza kuota sumu ndani ya chupa iliyobana vizuri kabisa. Pengine hutasikia harufu wala ladha ngeni. Anayekula hulegea kope, kisha sauti, kisha kumeza, mwisho pumzi.

Nikapiga simu ya mama mkwe, haipatikani. Baba mkwe hana simu. Lusajo akakimbia kutafuta gari la kukodi, ikitokea tukahitaji la kumpeleka mtu hospitali. Mimi nikapanda la kwanza lililokuwa linaondoka. Njia nzima nilihesabu chupa kichwani, kumi na mbili, kumi na mbili, nikiomba zote ziwe kabatini.

Nilifika jua bado liko juu. Mama mkwe alikuwa kwenye kikao cha akina mama kanisani. Baba mkwe alikuwa barazani, ugali mbele yake, na chupa yangu iko wazi, nyama imemiminwa kwenye bakuli. Alipoona kivuli changu akageuza uso ukutani ili nipite, tonge mkononi.

Dada, mguu wangu ulishaanza kupita pembeni kwa mazoea. Tonge likaingia kwenye mchuzi.

"Baba, usile."

Hakugeuka. Akauambia ukuta, "Nani anaongea nyumbani kwangu?"

"Mimi mkamwana wako. Hiyo nyama nimeikosea, inaweza kuwa na sumu."

Tonge likaendelea kupanda. Nikatupa kitenge, nikapanda barazani, nikamshika mkono. Ndipo akanitazama, nami nikamtazama. Ana macho ya Lusajo, yale yale.

"Umeshakula?"

"Kipande kimoja," akasema, kama mtoto aliyekamatwa.

Mganga wa zahanati alikuja akasema afadhali aende hospitali ya wilaya. Baba akakataa katakata kutoka nyumbani kwake kwa ajili ya kipande cha nyama. Basi mganga akaagiza mtu akae naye siku tatu, amwangalie kope, amsikilize sauti, na likitokea badiliko lolote aondoke saa hiyo hiyo. Lusajo akaleta gari likasimama uani, dereva ndani.

Mama mkwe aliniambia, "Akifa, unarudi kwenu leo. Asipokufa, unarudi kesho. Umemshika mkono baba mkwe wako."

Lusajo akamjibu, "Basi, Mama, na nguo zangu zifungwe kwenye begi lake humo humo." Dada, ningeolewa naye tena pale pale, na vumbi langu la safari.

Lusajo ndiye aliyeanza kumwangalia. Baada ya muda mfupi akatoka mbio, anasema kope zimelegea. Baba akafoka kutoka ndani, "Hizi ndizo kope zangu tangu nizaliwe. Niletee huyo mkeo, ameshaniona."

Hivyo mimi, nisiyeruhusiwa kumwona, nilikaa mbele yake siku tatu nikimtazama machoni. Kila mara namwomba ataje majina ya watoto wake, namwomba ameze maji, nasikiliza koo. Ijumaa maji yalimpalia, nusura nimwite dereva, kumbe alikuwa anacheka nilivyomkodolea. Mama mkwe alikaa mlangoni bila kunisemesha.

Jana Jumapili, kengele ya kanisa ilipolia, Baba akaniuliza, "Macho yangu yakoje, mkamwana?"

"Yako wazi, Baba."

"Basi nenda kafumbe ya kwako."

Nilipotoka, mama mkwe alikuwa amenipakulia chakula. Chupa kumi na moja zilizobaki tumezifukia shimoni bila kuzifungua, pamoja na ile ya Baba. Begi langu liko pale pale lilipokuwa.

Mwambie Mama kwa upole, uanze na mwisho. Nisalimie shangazi yetu aliyenifunga kilemba siku ya harusi, na shemeji, mume wako, ambaye bado anadai nimeolewa mbali mno. Lusajo anawasalimu, amelala hapa pembeni na viatu miguuni.

Mdogo wako akupendaye, ambaye bado ni mkamwana wa nyumba hii,

Naomi