Jina Lako Halimo Kwenye Jiwe, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuaga ghafla kando ya bomba ulilolipigania, na sisi hapa kijijini Kherdewadi bado hatujazoea.

Ulikuwa mtu wa watu. Mkate wako wa mtama na kitunguu hukuwahi kuula peke yako. Mwaka ule wa ukame ulilala nje ya ofisi ya wilaya mpaka maji yakaletwa, ndipo wakakuvisha mashada na lakabu ya Jalmitra, Rafiki wa Maji. Ulicheka ukapaliwa: "Rafiki wa maji gani, na tangu juzi sijaoga!" Lakini kwetu kiongozi asiye na lakabu ni kama bwana harusi asiye na kilemba. Ikapanda kwenye mabango, kwanza mbele ya jina lako, halafu peke yake.

Jina lako ni Kachru, yaani takataka. Bibi, mama yako, alikuwa amezika wavulana wawili; ulipokuja wewe akakuita hivyo, kifo kikipita kidhani hapa hamna cha kuchukua. Ulilipenda, Baba. Ulisema limekulinda kuliko polisi.

Kamati ya kijiji ilipoleta habari ya jiwe la ukumbusho, mwenyekiti Bhaskarrao alianza, "Ati tuandike Takataka? Waziri aje aweke shada juu ya takataka? Jamani!"

Binti yako Sushila akadakia, "Ndilo jina alilopewa na mamaye, mzee."

"Binti, tulia. Tumuulize mwenye mume. Haya, shemeji, mumeo anaitwa nani? Ukilitaja tu, tunaliandika."

Wote wakamgeukia Mama. Unajua mwenyewe, Baba: mke wa kwetu halitaji jina la mumewe. Tangu mlipozunguka moto wa harusi, Mama alikuita "Baba Sushila", na akikasirika, "wewe uliyekaa hapo". Akainamisha kichwa. Bhaskarrao akainuka. "Basi, mama amekubali."

Jiwe limesimama. Limeandikwa Jalmitra, basi. Wilaya ya jirani nao wana Jalmitra wao, marehemu pia, na wageni wanauliza huyu ni yupi. Tumelalamika mpaka tumechoka. Tunaambiwa tusimshushie hadhi kiongozi wao. Tufanyeje? Kiongozi wanaye, na baba yetu wamemchukua. Inauma, Baba, na hatuna la kufanya.

Tangazo hili tumemsomea Mama kabla ya kulipeleka gazetini. Tulipofika kwenye jina lako alivuta sari akafunika uso.

"Hapo," akasema. "Someni tena."

Tukasoma tena.

Wanaokukumbuka: mkeo Parubai, wanao Sushila na Vithal, mkweo Ratan, dada yako Hirabai, na wajukuu. Hutatutoka moyoni kamwe, Kachru Namdeo Ghule.