Milimita Mbili za Mchikichi

Kituo cha Utafiti wa Misitu,
S.L.P. 212.
Jumatano, 12 Machi 2025

Mpendwa Kiduchu,

Nianze na la jana, salamu zifuate, utaniwia radhi. Mkuu wa kituo ametangaza kwamba baba yako amesimamishwa kazi ya kupima miti mpaka daftari zake za miaka kumi na tisa zikaguliwe. Alilisema mbele yetu wote, kwenye chumba cha ramani, baba yako akiwa amekaa karibu na mlango.

U mzima lakini? Kifua kimeacha kukubana kwa baridi ya huko? Sisi hatujambo. Mimi mguu unanisumbua kwenye ngazi tu. Baba yako anakula, anaoga, anaitikia salamu. Kama analala, sijui, hasemi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi uliopita alikuja mtafiti kutoka makao makuu, mwanamke mpole, kukadiria kaboni iliyomo kwenye michikichi ya msituni. Alifunua kurasa mbili tu, akauliza nani amepima. Kila mchikichi ulikuwa umenenepa milimita mbili kila mwaka. Akatueleza taratibu kwamba shina la mti wa kawaida hunenepa mwaka hadi mwaka, ila mchikichi ukishaanza kurefuka unakwenda juu tu. Ukitaka kaboni yake, pima urefu. Zile milimita mbili hazikuwahi kuwepo.

Baba yako hakubisha. Alisema, "Nilipima nikapata sifuri. Nikaandika mbili."

Usimhukumu kabla hujasikia sehemu yangu. Unajua mimi ndiye ninayeingiza namba zake kwenye kompyuta. Mwaka wa kwanza wa kupima ongezeko la unene alileta sifuri tupu, michikichi yote sitini na nne. Bosi wa wakati ule, sasa marehemu, alizirudisha kwa wino mwekundu: hakuna mti usiokua, huyu mtu alikaa kivulini. Fomu yenyewe haikuwa hata na nafasi ya urefu. Baba yako akarudi msituni, akapima upya, akapata sifuri zilezile. Nikamwambia, "Kaka, weka mbili tupumue." Nilisema kwa utani na tukacheka. Zikapita. Mwaka uliofuata hakuna aliyeuliza, nami nikaendelea kuziingiza.

Kinachoninyima raha si michikichi. Ni ile miti mingine, elfu tatu na ushee, aliyoipima kwa haki, mvua na jua. Mkuu anasema aliyetunga sitini na nne haaminiki kwa elfu tatu, na anataka zote zifutwe. Zikifutwa, itakuwa kama baba yako hakuwahi kuingia msituni. Amebakiza miezi minane astaafu.

Dereva wa kituo, mdomo wake unaujua, alimtania kwamba kumbe michikichi yake ilikuwa inakula vizuri kuliko wafanyakazi. Baba yako akamjibu kwamba kuliko wafanyakazi wengine labda, ila si kuliko dereva. Watu walicheka. Yeye aliangalia viatu vyake.

Leo asubuhi nimempelekea mkuu maelezo yangu kwa maandishi, pamoja na fomu zile zenye wino mwekundu. Alisoma mpaka mwisho, akasema, "Kumbe mlikuwa wawili."

Aliyetusaidia ni mtafiti. Amependekeza miti mia moja, isiyo michikichi, ichaguliwe kwa kura na kupimwa na watu wasiotufahamu. Namba zikilingana na za baba yako, daftari za miti hiyo mingine zitabaki, na michikichi itaanza upya kwa urefu. Mkuu amekubali. Baba yako ataonyesha njia tu, futi hataigusa.

Alinikataza nisikuandikie. Ukimpigia simu usimpe pole, zinamkera. Mweleze habari za kazi yako.

Mama yako anakusalimu, na kaka yako seremala pia. Msalimie mumeo, na huyo mchanga mbusu kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye bila kipimo.

N.B. Kura imepigwa mchana huu. Nimempa baba yako orodha nikamuuliza kama kuna mti wowote anaoutilia shaka. Ameisoma yote, akasema mmoja, wenye uvimbe shinani pale futi inapozungushwa, kitalu cha saba. Wapimaji wanaanzia kitalu hichohicho, Jumanne tarehe 18, saa moja asubuhi.