Likizo Ndefu Imefutwa

14 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza vituko na kuku wako wanataga. Sisi huku hatujambo, ila mjukuu wako Chiriku amepoteza jino la mbele na sasa kila neno linatoka na mluzi. Wewe unajua jina la Chiriku hakulipata kwa ukimya, kwa hiyo nyumba nzima inapiga mluzi kutwa.

Habari kubwa ni hii: tumeshinda! Kamati ya wazazi imekubali shule yangu isome mwaka mzima. Tunaanza mwezi ujao. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka imefutwa. Badala yake watoto watasoma wiki chache, watapumzika mbili, wataendelea, hivyo hivyo mpaka mwaka uishe.

Unajua nani aliyeshinda kesi? Wewe. Mwenyekiti wa kamati alikuja amekunja uso, kashika mwavuli kama mtu anayetafuta wa kumchapa. Nikasimama nikawaambia, baba yangu amefundisha tangu sijazaliwa, na anasema likizo ndefu ni ndoo iliyotoboka: unaijaza mwaka mzima, inavuja yote kwa miezi miwili. Wakapiga makofi. Halafu mama mmoja anayeuza viatu sokoni akasema kila likizo humfungia mwanawe ndani kwa kufuli, maana hana wa kumwachia. Hapo hata mwenyekiti akauweka mwavuli chini.

Nimechoka, lakini nina furaha. Asante, Baba.

Binti yako

25 Septemba

Mwanangu, Mwalimu Mkuu,

Marahaba. Goti ni lilelile, kuku wanataga wakipenda. Mpe pole Chiriku, mwambie jino la pili litakuja na adabu zaidi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya nne nimemsomea kinyozi, na ukimwambia kinyozi umeuambia mtaa. Leo watu ambao hata salamu walikuwa hawanipi wananiita Profesa. Nimekuwa nikiyasema haya tangu nina nywele: mtoto anaondoka anajua kugawanya, anarudi hajui hata kalamu inashikwa upande gani. Wakubwa walinicheka. Sasa binti yangu amewafunga mdomo. Nakupongeza kwa mikono miwili.

Tuje kwenye mambo ya maana. Paa la chumba cha Chiriku nimeliziba. Ubao wa uani nimeupaka rangi nyeusi upya, na nimenunua chaki za rangi, maana mwaka jana hesabu za sehemu zilimtoa machozi, nadhani ni kwa sababu chaki ilikuwa nyeupe tupu. Mwaka jana mlimleta Desemba ilipoanza, akakaa mpaka Januari inaisha. Mwaka huu anafika lini? Niambie mapema nimwahi stendi.

Baba yako

6 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo. Goti ulifunge kitambaa usiku, usiwe mbishi.

Baba, barua yangu uliisoma mara nne, lakini naona mstari mmoja ulikupita. Likizo ndefu imefutwa. Kwa hiyo Desemba hii Chiriku atakuwa darasani. Zile wiki mbili za mapumziko zipo, ila safari ya kuja kwako ni siku mbili kwenda na mbili kurudi, basi likiwa na huruma. Tena mapumziko hayohayo ndiyo tumeyaweka kwa masomo ya ziada, kwa watoto walioachwa nyuma, na lazima niwepo niyasimamie. Siwezi kumpandisha mtoto wa miaka tisa kwenye basi peke yake.

Najua umeshapaka ubao. Samahani. Labda mwakani tutapata njia.

Binti yako

15 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, kama kutojambo ndiko huku.

Kumbe likizo imefutwa mpaka kwa mjukuu wangu! Mimi nilidhani imefutwa kwa wanafunzi. Nilisema ndoo imetoboka, nikasema izibwe. Sikusema mlango wa nyumba yangu nao uzibwe.

Na sasa nikiufikiria vizuri huu mpango wako, una mashimo. Joto la Desemba unalijua? Watoto hamsini chini ya bati, wewe unawaimbia herufi, wao wanakaangika. Walimu wako watapumzika lini? Na mtoto atajifunza lini kupanda mti, kuchoka bila sababu, kulala mchana? Mtoto si mashine ya kusaga, kwamba mradi umeme upo, iendelee kuzunguka. Nashangaa mwalimu mkuu mzima hakuyaona haya.

Nitakuambia kweli, usicheke. Tangu mama yako atutoke, nyumba hii ina miezi miwili ya kelele na kumi ya saa ya ukutani. Wewe umenichukulia ile miwili, ukanishukuru juu yake.

Baba yako

20 Novemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi tupo tupo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sina pa kupumulia. Tulipata mapumziko yetu ya kwanza, nikasema hapo ndipo tupake rangi madarasa, maana zamani kazi hiyo ilifanywa likizo ndefu. Fundi rangi akasema siku nne. Ikanyesha. Jumatatu watoto wakarudi, kuta bado mbichi, na kufikia saa nne darasa la tatu lote lilikuwa la kijani mgongoni. Wazazi wakaja na mashati yao. Mpishi wa shule ametishia kuacha kazi, anasema yeye aliajiriwa kwa mwaka wenye mwisho. Mwalimu wa darasa la tano amesinzia akiwa amesimama, chaki mkononi.

Lakini nikuambie na upande mwingine, kwa sababu wewe wa kwanza ungeutaka kuusikia. Darasa la pili, wale ambao kila tukifungua shule hurudi wakiwa wamesahau, safari hii walirudi na kusoma kwao. Wote. Nilisimama mlangoni nikawasikiliza, nikataka kulia. Na mwana wa yule mama wa viatu hafungiwi tena na kufuli.

Sasa Baba, nielewe. Asubuhi nabishana na walimu, mchana na wazazi, jioni navua viatu nafungua barua, nakuta nabishana na baba yangu kwa kutumia maneno ya baba yangu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, sivyo? Watoto wa watu wasome mwaka mzima, wa kwetu aje kwa babu. Chagua upande mmoja uukalie, walau mpaka nipumue.

Binti yako

2 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na leo nina nguvu.

Hiyo habari ya rangi mbichi imenifungua macho. Nikamsomea kinyozi, akacheka mpaka akamkata mteja sikio, kidogo tu. Nikajiambia, binti yangu kabanwa, hawezi kurudi nyuma kwa aibu, lazima mtu mzima amsaidie kutoka. Kwa hiyo nimemwandikia mwenyekiti wa kamati yenu. Kurasa nne. Nimemweleza joto, rangi, mpishi, walimu wanaolala wima, na haki ya mtoto kuwaona wazee wake. Nimetia sahihi kwa jina la kazi, Mwalimu Mstaafu, ili ionekane ni jambo la elimu na si la kifamilia.

Usinishukuru. Likizo ikirudi, nitumie tu siku ya kwenda stendi.

Baba yako

19 Desemba

Baba,

Shikamoo.

Mwenyekiti aliisoma barua yako kwenye mkutano wa wazazi. Yote, kurasa nne, kwa sauti, na kila akifungua ukurasa ananitazama. Aliisoma mara tu baada ya mimi kusimama na kuwakumbusha ile ndoo yako. Mzazi mmoja akauliza kama mwalimu mkuu ana baba wawili. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu ningefanya nini? Mambo ya rangi na ya mpishi nilikuandikia wewe, Baba, kama mtoto anavyomlalamikia mzazi wake. Sikukuandikia uyapeleke barazani.

Wamepiga kura. Ratiba imebaki, kwa kura chache. Mwakani wataiangalia tena, na tangu siku hiyo nikipita karibu na mwenyekiti ananiuliza ndoo inaendeleaje.

Nilirudi nyumbani nikiwa nachemka. Mezani nikamwambia Chiriku, babu yako anapigana na shule nzima ili upate likizo uende kwake. Nilidhani atafurahi. Akaacha kijiko akaniuliza, "Kwani kwa Babu ni likizo?"

Nikamkemea. Akasema, na nakuandikia alivyosema: "Mama, kwa Babu tunaanza saa mbili mpaka saa sita. Halafu jioni ananisahihishia. Shuleni angalau kengele ya kucheza ipo." Nikakumbuka mwaka jana aliporudi nilimuuliza amecheza nini kwa miezi miwili, akajibu, "Hesabu za sehemu."

Baba, nimebeba lawama za shule ya mwaka mzima tangu mwezi wa kumi. Mwanzilishi wake si mimi. Ilianza uani kwako, mbele ya ule ubao, na mwanafunzi wake wa kwanza ni mimi, halafu mwanangu. Najua unampenda. Yeye pia anakupenda, alilia kidogo baada ya kuyasema. Lakini ulikuwa ukipigania kitu ambacho kwako hajawahi kukipata.

Binti yako

17 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti likoje? Kuku je? Umekula?

Mwezi umepita sijapata barua yako. Hata zile za kunigombeza hazijaja. Nimezoea kurudi jioni na kukuta bahasha yenye mwandiko wako uliosimama wima, na sasa meza iko tupu. Nilikuandikia kwa hasira. Niliyoyasema siyafuti, ila ningeweza kuyasema taratibu.

Nijibu hata mstari mmoja. Kama huwezi kushika kalamu, mwambie kinyozi aandike, najua atafurahi.

Binti yako

28 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Niko mzima, usihangaike. Goti ni lilelile.

Barua yako ya Desemba sikumsomea kinyozi. Wiki ya kwanza nilikukasirikia. Nikaandika majibu, nikayachana, nikaandika mengine. Wiki ya pili nikaona nikuonyeshe kwamba umekosea, nikakaa kibarazani nitaje michezo anayoipenda mjukuu wangu. Nilikaa mpaka chai ikapoa. Najua anakwama kwenye kuzidisha kwa saba. Najua herufi zake zinalala upande wa kushoto. Mchezo hata mmoja sikuujua.

Wewe je, ulikuwa ukipenda kucheza nini? Hilo nalo silijui, na umri huu ninaona aibu kukuuliza.

Mambo ya mwenyekiti nimekukosea. Nimemwandikia tena, mistari mitatu tu, kwamba mzee alikuwa na hamu ya mjukuu wake na amlaumu yeye, asikulaumu wewe. Na hilo la darasa la pili kusoma nimelikumbuka. Hongera. Nilipaswa kulisema siku ileile, badala yake nikakimbilia rangi.

Ubao nimeushusha. Seremala kanikatia, sasa ndio mlango wa banda la kuku. Mbweha alikuwa ananisumbua. Upande wa ndani bado kuna hesabu za sehemu alizoandika Chiriku, lakini kuku hawana mtihani.

Sitaomba miezi miwili. Hizo wiki mbili, ukitoa njia, zinabaki siku kumi. Siku kumi ni nyingi kwa mtu aliyekuwa na sifuri. Kama haiwezekani pia, nitaelewa, sitamwandikia mtu yeyote. Ila mwambie Chiriku babu ana swali moja tu la kumuuliza, na safari hii yeye ndiye mwalimu: tucheze nini?

Baba yako

9 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Tunakuja.

Masomo ya ziada nimemwachia msaidizi wangu. Nilimwambia nina udhuru wa kifamilia, akasema alikuwa anasubiri tangu Oktoba nichoke kama binadamu wengine. Basi linaondoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tutafika stendi Jumapili jioni. Mimi pia nakaa siku zote kumi. Nilipenda kuruka kamba, Baba. Nilikuwa naruka nyuma ya nyumba ukiwa umelala mchana, mama akiimba kwa sauti ya chini ili usiamke.

Chiriku nimemsomea swali lako. Alifikiri muda mrefu, jambo ambalo si kawaida yake. Anasema zile chaki za rangi ulizonunua, kama bado zipo, usizitupe, atachora jogoo kwenye mlango wa banda. Halafu akasema asubuhi mtacheza kamba, kuanzia saa mbili, uwahi.

Nikamkumbusha kwamba Babu ana goti bovu, hawezi kuruka. Akasema hakuna neno, Babu atashika kamba.

Binti yako