Ufunguo wa Kidevu

Mwanangu mwenye ndevu,

Hivi miguu yako imekatwa? Au barabara ya kuja huku imefungwa na mimi peke yangu ndiye sijaambiwa? Mtoto ulimwacha ananyonya, leo anajibizana nami mpaka naishiwa maneno, nawe hujakanyaga hapa hata kwa kupotea njia. Haya, salamu kwanza, maana adabu niliyokufunza wewe, mimi sijaisahau. Hujambo? Kifua bado kinakubana kukiwa na baridi? Unakula vizuri? Mimi mzima, ila goti la kushoto lina visa vyake. Mkeo mzima. Mtoto mzima kutushinda sote.

Kalamu siijui, unafahamu. Anayeniandikia ni mkeo huyohuyo, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie. Ukiona mahali wino umetuama, ujue hapo alitaka kuruka neno nikamkaripia.

Ujumbe wako umefika. Rafiki yako fundi wa friji alikaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kina moto, akasema umesikia mtoto amepona na amekuwa mzuri, na wewe sasa uko tayari kumsamehe mkeo na kurudi nyumbani. Nikamwomba arudie, nikidhani masikio yameziba. Akarudia. Kumsamehe! Nikampa chai kwa kuwa yeye hana kosa, akanywa harakaharaka, akaondoka. Jibu lako ni barua hii.

Mtoto alizaliwa na taya la chini dogo mno, kidevu kimerudi nyuma, ulimi ukimwangukia kooni hata kupumua kukawa kazi. Mimi nilikuwa wodini, nimemlaza kifudifudi kifuani kwangu, nikihesabu pumzi zake kwa mgongo wa kidole. Wakati huohuo wewe uliwaita baba zako wakubwa na wadogo, ukamwita na baba mkwe wako, ukawakalisha sebuleni kwangu, kwenye viti vyangu, ukasimama mbele yao na kusema kwamba kwenu hakuna kidevu cha namna hii, kwa hiyo mtoto si wako, mkeo akamtafute mwenye kidevu chake. Baba yake mzazi aliinamisha kichwa, akaondoka bila kumuaga binti yake. Nawe ukafungasha. Niliporudi nilikuta viti havijarudishwa mahali pake na mkeo amekaa sakafuni. Sikusema kitu. Ulidhani nimekubali, siyo?

Mtoto alipokua kidogo tulipata daktari wa mifupa ya uso. Ni mtu mrefu, mpole, viatu vyake daima havijafungwa kamba. Akatueleza kwamba watalikata taya pande zote mbili, wafunge chombo chenye skrubu, kisha sisi wenyewe nyumbani tuizungushe kidogo asubuhi na kidogo jioni kwa ufunguo mwembamba. Mfupa unavutwa taratibu, na kwenye ule mwanya mwili unajaza mfupa mpya. Ukivuta kwa pupa, haujai. Ukizembea, unajifunga kabla ya wakati. Nilimwuliza kama anatufanyia mzaha. Akasema hapana, ndivyo wanavyorefusha mataya, na hata nyuso na mafuvu ya watoto yaliyojifunga mapema.

Huyu daktari ana kazi nyingine pia iliyonichekesha. Anakusanya yote ambayo madaktari wa dunia nzima wameandika kuhusu kurefusha mifupa ya uso na kichwa, mwaka hadi mwaka, aone mazungumzo yao yanaelekea wapi. Nikamwambia hiyo kazi hata mimi naiweza, huo ni umbea uliovaa miwani. Akacheka mpaka akakaa. Akasema kweli, na umbea wenyewe umegeuka. Zamani waliandika kuhusu taya tu, na swali lilikuwa moja: mfupa umerefuka au haukurefuka? Baadaye wakapanda kwenye uso wa kati, wakapanda kwenye fuvu. Kisha zikaja kompyuta, wakaanza kuuchora mkato wote kabla ya kushika kisu. Na siku hizi, akasema, wengi wanauliza yale ambayo zamani hayakuulizwa sana: mtoto analalaje, anakulaje, anaitwaje na wenzake, na huko nyumbani anayezungusha skrubu anasemaje. Kwa hiyo akawa ananiuliza mimi.

Nikamweleza hata aibu yetu. Siku za mwanzo nilikuwa naamka mapema na kumzungushia mtoto, namwacha mkeo alale, kwa huruma. Mkeo naye akiamka anamzungushia, asinisumbue mimi, kwa huruma. Mtoto akawa analia kila asubuhi, sisi kila mtu anambembeleza kivyake. Daktari alipopima akang'aka, akauliza nani anaukimbiza huu mfupa. Tukatazamana, mkeo na mimi, kama wezi waliokutana dirisha moja. Ikabidi tusimame siku kadhaa, mfupa ushike pumzi. Tangu hapo ufunguo ukakaa shingoni mwangu kwa uzi mwekundu, na mkeo akawa mshika tochi. Daktari ameyaandika hayo, ili wengine waonywe kwamba mapenzi yakizidi nayo huvunja utaratibu.

Sasa sikiliza, mwanangu, na usiruke mstari.

Kila nilipouzungusha ule ufunguo nilikuwa nakukumbuka wewe, wala si kwa heri. Mtoto anabana mkono wangu, machozi yanamtoka, mimi nasema moyoni: hii ni ya sebuleni kwangu. Kesho yake tena: hii ni ya baba mkwe wako kuinamisha kichwa. Siku moja daktari akaniuliza kama kuna mwingine katika familia aliyezaliwa hivi, maana wanachunguza pia jinsi mifupa hii inavyopita kutoka mzazi kwenda mtoto. Nikamwambia asubiri, mfupa ukomae kwanza. Akadhani bibi amechanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Sikutaka mjukuu wangu ageuzwe ushahidi, watu wamshike uso na kumgeuza huku na huku kama embe sokoni. Nilitaka siku hiyo ikifika, kidevu kidogo kwenye sebule yangu kiwe kimoja tu.

Chombo kilitolewa, mfupa ukashika, mtoto analala kimya mpaka namsogelea kusikiliza kama yupo. Ndipo nikawaita walewale. Baba zako wote, na baba mkwe wako. Nikawakalisha kwenye viti vilevile. Nikatoa picha yako.

Unaijua ipi? Huijui, kwa kuwa niliificha; nilikulea kwa mama yangu mpaka ulipoota meno yote, hakuna wa upande wa baba yako aliyekuona, na baba yako mwenyewe alikwenda kaburini na siri hiyo. Ni ile uliyopigwa ukiwa uchi ndani ya beseni, umetazama pembeni. Paji la uso, pua, mdomo, halafu shingo. Kidevu hakuna. Nilikulisha maziwa kwa tone, nikakulaza kifudifudi kifuani kwangu, ndiyo maana wodini sikufundishwa na mtu. Kilichokuota baadaye kilikuwa nusu, na hiyo nusu iliyobaki umeijazia ndevu.

Picha ikapita mkono kwa mkono. Baba yako mdogo alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akauliza kumbe tumemheshimu kichaka miaka yote hii. Baba mkwe wako hakucheka. Alisimama, akaenda jikoni kwa binti yake, akakaa huko mpaka maji ya chai yakakauka motoni.

Picha nimeikuza, ina fremu, ipo ukutani mkabala na mlango. Kila aingiaye anaanza kukusalimia wewe na beseni lako. Nilifikiri hapo roho yangu itatulia, lakini mjukuu wangu amenishinda. Aliuliza huyo ni nani, nikamwambia ni baba yako. Akapanda kiti, akaweka kidole pale ambapo kidevu kingekuwa, akauliza ni nani aliyemzungushia. Nikasema hakuna. Akasema, "Maskini." Kisha akaniomba nisiutupe ufunguo, akija baba tumtengeneze naye.

Amekuonea huruma, mwanangu. Mimi nisingekupa adhabu nzito kama hiyo.

Fundi wa friji mpe salamu, mwambie chai ipo. Goti linanisumbua, siwezi kukufuata. Ukija, njoo mchana watu wakiona, umenyoa ndevu zote. Umwombe mkeo radhi hapo nje, kabla hujavua viatu, kisha umwinamie mtoto akushike kidevu. Mwenye ndevu simfungulii.

Ni mimi mama yako,
ufunguo bado uko shingoni.