Uso wa Skolastika

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimesuuza picha za wateja, nimezianika. Shuka la kuweka nyuma ya wateja nimelipigilia ukutani kwa misumari. Zamani alilishika mke wangu, Skolastika. Miaka sita, mikono juu.

Homa ilimchukua mwezi uliopita. Leo mama mkwe ametuma salamu kutoka Mofu: anataka picha ya mwanawe siku ya misa ya arobaini, wiki ijayo, Alhamisi. Aibu gani hii! Mimi fundi picha, mke wangu hana picha. Mganga hajigangi, wanasema. Upuuzi. Nilikuwa nabania filamu tu.

Jumatano, 6 Machi
Nimepekua filamu zote. Kila alipochungulia pembeni mwa shuka nilikuwa namkwangua kwenye filamu kwa wembe, wateja wasilalamike. Kila filamu, doa mahali pa uso. Kazi ya mkono wangu.

Imebaki moja. Wateja wenyewe hawakurudi kuchukua picha, ndiyo maana sikuikwangua. Uso upo, kama punje ya mchele. Mimi hutoa picha za ukubwa wa filamu tu. Lazima nipate mashine ya kukuzia picha.

Ijumaa, 8 Machi
Mgoa, fundi picha mwenzangu, anahama, anauza mashine mbili. Ndogo inatoa picha kama kadi ya posta, inatumia taa ya mafuta. Ndefu inakuza uso hadi uwe kama sahani, inataka betri ya lori. Akanishauri nichukue ndogo, eti kauso kadogo hivyo hakawezi kuvutwa sana. Nikamwona mchoyo. Nimechukua ndefu. Nimetoa baiskeli yangu, nikapewa na betri.

Jumatatu, 11 Machi
Blanketi dirishani. Nje jua, ndani jasho tupu. Nimemkuza kama sahani.

Madoa matupu, kama mchanga. Uso hauonekani. Karatasi zimekwisha, imebaki moja. Nimemtukana Mgoa, kisha nikajitukana mwenyewe.

Jumatano, 13 Machi
Mama mkwe amefika kwa mtumbwi, maji yamejaa kote. Nikampa ile picha kubwa. Mpumbavu mimi. Akaigeuza huku na huku.

"Huyu nani, baba?"

Nikatoka uani nikalia.

Baadaye nikarudi ndani, nikaanza kushusha kichwa cha mashine. Kila nikishusha, madoa yanakusanyika. Uso ulipokuwa kama ukucha wa kidole gumba, akatokea. Skolastika kabisa, na kidevu chake. Haitazami kamera. Macho yamepita juu yake, ananitazama mimi. Sikujua. Mimi nilikuwa nimeinama, natazama wateja.

Nimemtoa hivyo hivyo, kadogo, kwenye karatasi ya mwisho. Mama yake alipomwona alikaa chini.

Alhamisi, 14 Machi
Misa imekwisha. Mama mkwe ameitia picha katika kitabu cha sala.

Nilimsindikiza hadi kivukoni. Akaniuliza, kwa upole tu, kama sikuwahi kumkalisha mwanawe kitini nikampiga picha, hata siku moja. Nikasema sikuwahi, mama. Akaitikia kwa kichwa. Akakunja kanga, akapanda mtumbwi.