Nguo ya Kuzamia Kutoka Kariakoo

Bibi, shikamoo. Huko Kilwa mmeamkaje?

Nakuandikia nikiwa Mtaa wa Msimbazi, jasho linanitiririka. Jana kiongozi wetu wa utafiti wa matumbawe aliniambia nguo za kuzamia zilizopo zote ni za wanaume, kwa hiyo mimi nitabaki kwenye boti wenzangu wakishuka chini. Nikakataa. Leo nimeingia Kariakoo, nikachakura mitumba mpaka nikapata moja ya mpira mzito, ila ndefu mno na imechanika begani. Fundi cherehani wa kwanza aliogopa itamvunjia sindano. Nikampelekea mama mmoja anayeshona mabegi.

"Ya nini hii, mwanangu?"

"Ya kuzamia, mama. Matumbawe yetu yanakufa, nataka nikayaone mwenyewe."

Muuza viatu wa jirani akacheka. "Sista, utazama kweli!"

Mama akamjibu bila kuinua macho, "Wewe hata kuogelea hujui." Watu wakaangua kicheko, naye akaendelea kushona.

Nimeivaa palepale juu ya fulana na suruali, na joto lote hili. Imenikaa! Nikampigia kiongozi: "Nguo ninayo. Kesho nashuka."

Akasema, "Basi uwahi."

Mwambie baba mdogo aache kunitafutia kazi ya dukani. Sirudi nyumbani mpaka niguse chini ya bahari. Punguza chumvi kwenye mboga, Bibi wangu, na unilalie upande wangu wa kitanda usipoe.

Mjukuu wako mkaidi,
Mwanaidi